Kijani kwenye Utepe, Mfupi kwenye Ubao: Somo la Takwimu za Afya



Siku moja ya kliniki ya watoto alinijia mama kijana kutoka upande wa Hirbadaw, amembeba mtoto wake wa kiume wa miezi 18.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri." Akafungua fundo la kanga, akatoa pakiti ya dawa. "Bibi yake ameinunua dukani. Anasema wale watafiti wa Haydom walikuwa wakiwapa watoto dawa za namna hii ili wakue. Na huyu wangu naona hakui. Nimpe?"

Niliitazama ile pakiti. Ilikuwa ya antibiotiki. Nikamwambia tumpime mtoto kwanza. Nikamzungushia utepe mkononi, ukasoma sentimita 13.4, rangi ya kijani. Mama akatabasamu. Kisha tukamlaza kwenye ubao wa kupimia urefu, mimi nikashika kichwa na mwenzangu akanyoosha miguu. Ubao ukasoma sentimita 75.5. Hapo tabasamu langu mimi likapungua.

Mtoto mmoja, siku moja, vipimo viwili, na majibu mawili yanayoonekana kupingana. Ili kumjibu mama yule sawasawa ilinibidi nimweleze kidogo namna namba za afya zinavyopatikana na zinavyosomwa. Maelezo yale nayaandika hapa, maana katika vijiji vyetu vya Mbulu na Hanang watu wengi wamewahi kuulizwa maswali na watafiti, lakini wachache wameelezwa majibu yao yalifanyiwa nini.

1. KIGEU NI NINI?

Mtafiti anapofika nyumbani kwako ana karatasi yenye maswali. Mtoto ana umri gani? Ni wa kike au wa kiume? Maji mnachota wapi? Ameharisha siku ngapi? Kila swali linahusu jambo linaloweza kuwa tofauti kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Jambo la namna hiyo wataalamu huliita kigeu, yaani kitu kinachogeuka. Jambo ambalo ni sawa kwa watu wote si kigeu. Ukiwauliza akina mama walio wodi ya wazazi kama ni wanawake, hujajifunza kitu.

Vigeu vipo vya aina nne, na ni rahisi kuvikumbuka:

(a) Vigeu vya majina. Hapa jibu ni jina tu, na hakuna jina lililo kubwa kuliko jingine. Mfano ni mahali pa kuchota maji: kisima, mto, lambo au bomba. Mfano mwingine ni jinsia.

(b) Vigeu vya ngazi. Hapa majibu yana mpangilio, lakini hatujui umbali kati ya ngazi moja na nyingine. Mgonjwa akisema maumivu ni kidogo, ya kadiri au makali, tunajua makali yanazidi ya kadiri, ila hatuwezi kusema yanazidi kwa kiasi gani.

(c) Vigeu vya kuhesabu. Majibu ni namba kamili: watoto wangapi ndani ya nyumba, siku ngapi za kuharisha. Hakuna nyumba yenye watoto watatu na nusu.

(d) Vigeu vya kupima. Majibu hutoka kwenye mizani, ubao, utepe au kipimajoto, na katikati ya namba mbili daima kuna nyingine. Kati ya sentimita 75 na 76 kuna 75.5.

Kwa nini tujali aina hizi? Kwa sababu aina ya kigeu ndiyo inayotuambia hesabu gani inaruhusiwa. Urefu wa watoto kumi unaweza kuujumlisha na kutafuta wastani. Lakini huwezi kutafuta wastani wa kisima na mto. Hapo unahesabu tu ni familia ngapi zinatumia kipi.

2. KITU KIMOJA, MAANDISHI MAWILI

Tuutazame tena ule utepe wa mkono. Upande mmoja una sentimita, nacho ni kigeu cha kupima. Una na rangi pia, na hizo ni kigeu cha ngazi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi chini ya miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi kabla ya 12.5 ni njano. Kuanzia 12.5 kwenda juu ni kijani.

Rangi ni nzuri kwa sababu hata asiyesoma namba anaelewa mara moja, na mhudumu wa afya kijijini hapotezi muda. Lakini rangi huficha mambo. Mtoto mwenye 11.6 na mwenye 12.4 wote wameandikwa njano, ingawa wa kwanza amebakiza milimita mbili tu kuingia kwenye nyekundu. Kwa hiyo, mzazi, muulize nesi rangi, na muulize namba pia. Namba ya mwezi huu ukiilinganisha na ya mwezi uliopita utajua mtoto anapanda au anashuka. Rangi peke yake inaweza kubaki ileile miezi mitatu huku mtoto akiporomoka.

3. WASTANI UNAWEZA KUKUDANGANYA

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Watoto watano wa kitongoji kimoja waliharisha siku zifuatazo katika mwezi mmoja: 0, 1, 1, 2 na 16. Jumla ni siku 20. Ukigawa kwa watoto watano unapata wastani wa siku 4.

Sasa angalia vizuri. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeharisha siku 4. Wanne waliharisha siku mbili au chini yake, na mmoja yumo hatarini. Ukizipanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, ile iliyo katikati ni 1. Hiyo namba ya katikati inatuonyesha mtoto wa kawaida wa kitongoji hicho vizuri zaidi kuliko wastani. Lakini hata yenyewe haimwoni yule wa siku 16. Ndiyo maana mtafiti mwaminifu hatoi wastani peke yake. Hutaja pia namba ya katikati, au namba ndogo na kubwa kabisa, ili tujue watoto wametawanyika kiasi gani.

4. KATI YA WANGAPI?

Tuseme tena kwa mfano kwamba kijiji cha kwanza kilikuwa na watoto 6 wenye nimonia, na cha pili watoto 10. Kipi kina shida zaidi? Wengi watasema cha pili. Lakini kama kijiji cha kwanza kina watoto 60 na cha pili kina watoto 200, basi cha kwanza wanaugua 10 kati ya kila 100, na cha pili 5 kati ya kila 100. Kijiji cha kwanza kina shida mara mbili.

Kila ukisikia namba ya afya, iwe redioni au kwenye mkutano wa kijiji, uliza: kati ya wangapi, na lini? Kwa mfano, utafiti wa taifa wa hali ya afya ulionyesha kwamba mwaka 2010 watoto 42 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania walikuwa wamedumaa. Katika utafiti wa 2015-16 walikuwa 34, na mwaka 2022 walikuwa 30. Hizo ni namba zilizokamilika. Zinatuambia hali inaboreka, na zinatuambia pia kwamba bado karibu mtoto mmoja kati ya watatu ni mfupi kuliko umri wake.

5. MTOTO ANAITWAJE MDUMAVU?

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vipya vya ukuaji. Watoto waliopimwa kwa ajili hiyo, kati ya 1997 na 2003, walitoka nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Walikuwa watoto walionyonyeshwa vizuri na kutunzwa vizuri. Ilionekana kwamba mtoto wa Ghana na mtoto wa Norwei, wakipata matunzo mema, hukua kwa kukaribiana sana katika miaka ya mwanzo. Kwa hiyo tusikimbilie kusema "ukoo wetu ni wafupi tu."

Kwa mtoto wa kiume wa miezi 18, urefu wa katikati katika viwango hivyo ni sentimita 82.3. Bila shaka watoto wenye afya hawalingani. Wengine huzidi kidogo, wengine hupungua kidogo. Wataalamu walipima mtawanyiko huo wakaugawa kwa hatua. Katika umri huo, hatua moja kwa mvulana ni kama sentimita 2.7. Wengi wa watoto wenye afya wako ndani ya hatua moja juu au chini, na ni wachache sana wanaopungua zaidi ya hatua mbili. Hatua mbili chini inatufikisha sentimita 76.9. Aliye chini ya hapo huhesabiwa amedumaa. Kwa msichana wa miezi 18 urefu wa katikati ni 80.7, na mpaka ni 74.9.

Sasa turudi kwa mtoto wetu wa Hirbadaw. Urefu wake ni 75.5. Amepungukiwa sentimita 6.8 kutoka katikati, sawa na hatua mbili na nusu. Amedumaa, ingawa mkono wake ni kijani. Vipimo havikupingana. Utepe unaonyesha kama mtoto amekonda sasa. Ubao unaonyesha alivyolishwa na alivyougua kwa miezi mingi, hata kabla hajazaliwa. Ni vigeu viwili tofauti, na kimoja hakiwezi kujibu swali la kingine.

6. MABATI HAYAMKUZI MTOTO

Swali la mama yule lilikuwa: dawa itamkuza? Hapa tunaingia kwenye vigeu viwili vinavyofuatana. Kile tunachodhani kinaleta mabadiliko huitwa kigeu huru. Kile kinachobadilika kwa ajili yake huitwa kigeu tegemezi. Kwa swali la mama, dawa ni kigeu huru, na urefu ni kigeu tegemezi.

Lakini vitu viwili kwenda pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Tuseme umepima watoto ukakuta wanaoishi kwenye nyumba za bati ni warefu kuliko wanaoishi kwenye tembe. Je, bati limewarefusha? Hapana. Mwenye uwezo wa kununua bati huenda pia ana ng'ombe wa maziwa, maharage ya kutosha na nauli ya kufika hospitali. Kuna kigeu cha tatu kimejificha nyuma ya bati.

Njia iliyo bora ya kukiondoa kigeu kilichojificha ni kura. Watoto wanagawanywa kwa bahati, bila kuangalia nani ni tajiri au maskini, nani mnene au mwembamba. Kundi moja linapata dawa, jingine linapata dawa tupu isiyo na kitu ndani, inayofanana nayo kwa macho. Mama hajui mwanawe amepata ipi, na anayempima hajui pia, ili mkono wake usivutwe na matumaini.

Na inabidi watoto wawe wengi. Jaribu nyumbani: changanya maharage mekundu na meupe kwa usawa kwenye gunia, kisha chota kumi bila kutazama. Unaweza kupata mekundu saba kwa bahati tu. Chota mia, na ni vigumu sana kupata mekundu sabini. Kundi dogo huchezewa na bahati. Kundi kubwa husema kweli zaidi.

7. YALIYOFANYIKA KWETU

Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ilikuwa mojawapo ya vituo vinane duniani katika utafiti mkubwa wa utapiamlo na magonjwa ya tumbo ulioitwa MAL-ED, ulioanza mwaka 2009. Nchi nyingine zilikuwa Bangladeshi, Brazili, India, Nepali, Pakistani, Peru na Afrika Kusini. Watoto walifuatwa majumbani mara mbili kwa wiki. Jambo mojawapo lililoonekana ni kwamba watoto wengi walikuwa na vijidudu tumboni hata wakati hawaharishi, na vijidudu hivyo vilikwenda pamoja na kukua kidogo.

Kwenda pamoja, lakini je, ndivyo vilivyosababisha? Ndipo ukafanyika utafiti wa pili, ulioitwa ELICIT, hapahapa Mbulu na Hanang. Watoto wachanga 1,188, wenye umri usiozidi siku 14, waliandikishwa kati ya Septemba 2017 na Agosti 2018. Kwa kura wakagawanywa makundi manne. Kundi la kwanza lilipata dawa za kuua vijidudu, la pili vitamini B3, la tatu vyote viwili, na la nne dawa tupu. Dawa za vijidudu zilikuwa azithromaisini katika miezi ya 6, 9, 12 na 15, pamoja na nitazoksanaidi katika miezi ya 12 na 15. Vitamini ilipewa mama kwa miezi sita ya mwanzo ya kunyonyesha, kisha mtoto mwenyewe. Kigeu tegemezi kilikuwa urefu kwa umri katika miezi 18.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Watoto waliopata dawa hawakuwa warefu kuliko waliopata dawa tupu. Waliopata vitamini hawakuwa warefu pia.

Wapo waliosema, "Basi tulipoteza muda." Ndugu zangu, hapana. Bila familia hizo, bibi wa mtoto yule angeendelea kununua antibiotiki na hakuna ambaye angekuwa na jibu la kumpa. Sasa jibu lipo, na limetoka kwenye miili ya watoto wetu wenyewe. Utafiti unaosema "hakuna tofauti" ni kazi iliyokamilika, ukifanywa kwa uaminifu.

Lakini tusivuke mpaka wa jibu. Utafiti huo ulihusu urefu. Haukusema azithromaisini haifai kwa mgonjwa aliyeandikiwa na daktari. Utafiti mwingine, uitwao MORDOR, uliofanyika Malawi, Niger na Tanzania na kutangazwa mwaka 2018, ulitumia dawa hiyohiyo, lakini kigeu tegemezi kilikuwa vifo vya watoto wadogo. Kwa nchi zote tatu pamoja vifo vilipungua kwa asilimia 13.5. Hata hapo kumbuka somo la wastani: Niger vilipungua kwa kama asilimia 18, na Tanzania kwa 3.4 tu, tofauti ndogo ambayo huenda ni ya bahati. Dawa moja, maswali mawili, majibu mawili.

8. NILIVYOMJIBU MAMA

Nilimwambia: "Mama, usimpe. Dawa hii haitamrefusha. Tukiitumia ovyo, vijidudu vitaizoea, na siku atakapougua kweli haitamsaidia." Nikamwomba arudishe salamu kwa bibi, maana alinunua kwa upendo.

Kisha tukazungumza juu ya chakula. Uji wa mahindi matupu hautoshi. Aongezewe maharage, maziwa, yai linapopatikana, na mboga. Aendelee kunyonya hadi miaka miwili na zaidi. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumlisha. Na baba naye aje kliniki, maana mbuzi na kuku hawauzwi bila yeye. Hakuna hata moja kati ya haya lililo kidonge, na hakuna linaloonekana kwa wiki moja. Tutampima tena kila mwezi, kwa utepe na kwa ubao.

9. HAKI YAKO MTAFITI AKIJA

Muulize: Unataka kujua nini? Mtoto wangu atafanyiwa nini? Matokeo nitayasikia lini? Mwombe akueleze kibali chake, maana utafiti wa afya nchini unatakiwa kupata kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa. Una haki ya kukataa, na una haki ya kujitoa katikati, bila kunyimwa matibabu. Ukikubali, sema kweli. Mama anayesema mtoto hakuharisha kwa sababu anaona haya anaharibu namba ambayo kesho itaamua matibabu ya watoto wa wenzake.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Taja aina ya kigeu: uzito wa mtoto; aina ya choo; idadi ya chanjo alizopata; jibu la "anakula vizuri, kiasi, vibaya."
2. Watoto watano wana uzito wa kilo 8, 9, 9, 10 na 14. Tafuta wastani na namba ya katikati. Kwa nini havilingani?
3. Jirani anasema, "Tangu nianze kumpa mtoto dawa ya kienyeji, amenenepa." Ni kitu gani kingine kilichobadilika nyumbani kwake wakati huohuo?
4. Fungua kadi ya kliniki ya mtoto wako. Urefu umeandikwa, au uzito tu?

Kama urefu haujaandikwa, mwambie nesi kwa upole siku ya kliniki ijayo. Hatachukia.